MERIKEBU NYINGINE

Somo: Matendo ya Mitume 27:9 hadi 28:15





Wengi wenu mnaikumbuka asubuhi ile ya mwezi uliopita tulipokusanyika nje ya kanisa kabla ya jua kuchomoza, kuliombea lori moja la mbao na dereva wake. Baadhi yenu mliuliza baadaye kwa nini dereva yule alifanyiwa ibada ambayo hatujapata kumfanyia dereva mwingine. Wengine hamkuuliza, lakini mlinong'ona. Padre wetu ametuomba sisi tuliostaafu ualimu, tuliopewa ukurasa huu, tuandike juu ya jambo hilo. Twaandika kwa idhini ya dereva mwenyewe, na kwa idhini ya mama mmoja ambaye mtamsikia huko mbele. Majina hatuyatii. Mnaowajua mnawajua, na msiowajua hampungukiwi kitu.

Sisi wa Tarakea tunaishi kwa malori. Mahindi, maharage, viazi na mbao za msitu wa Rongai hushuka kwa lori. Saruji, mabati na sabuni hupanda kwa lori. Wenye umri wetu tunakumbuka mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983. Miaka ile tulijifunza maana ya mji wa mpakani usiopitiwa na magari. Basi dereva kwetu ni mtu wa lazima kama mkulima na mganga, hata kama hatumpi kiti cha mbele kanisani.

Lakini barabara yetu yajulikana. Kutoka hapa kwenda Mkuu, Mwika na Marangu inauzunguka mlima, ikipanda na kushuka makorongo mengi, na kutoka Marangu hadi Himo ni mteremko. Masika yakianza, ukungu hushuka hata dereva haoni mita ishirini mbele yake. Na hatari si ya huku kwetu peke yake. Tarehe 24 Februari 2024, kule Ngaramtoni karibu na Arusha, lori lililoshindwa kusimama liliyagonga magari mengine, wakafa watu 25. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 35, wengi wao wakiwa safarini kwenda harusini. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba katika mwaka mmoja wa 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Kila mmoja wa hao alikuwa na watu waliomngojea nyumbani.

Mwaka jana, katika mvua za masika, lori la ndugu yetu lenye shehena ya mbao lilishindwa kusimama mteremkoni, likaacha barabara na kulala korongoni. Dereva alivunjika paja la kushoto na mbavu tatu. Utingo wake, kijana wa miaka 23, alikufa palepale. Wote wawili ni wana wa mtaa wetu. Wote wawili tuliwafundisha darasa la kwanza, tukawashika mkono mmoja baada ya mwingine kuwaonyesha jinsi ya kuandika herufi ya kwanza ya majina yao. Kwa hiyo habari hii hatuiandiki kama watu waliosimama mbali.

Tumechagua safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi kwa sababu Luka aliyeiandika alikuwamo ndani ya chombo. Ukisoma sura hizo utaona hasemi "wao", anasema "sisi". Hakuandika kama mtu wa pwani atazamaye wengine wakizama.

1. Onyo lililosikiwa lakini halikufuatwa

Luka anatuambia kwamba Mfungo ulikuwa umekwisha kupita. Maana yake majira ya baridi yalikuwa yakikaribia, na bahari ya nchi zile wakati huo haikufaa kwa safari. Paulo aliwaonya kwamba watapata hasara. Lakini akida Yulio alimsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Kisha upepo mwanana wa kusini ukavuma kidogo, nao wakadhani mambo yamekuwa mazuri, wakang'oa nanga.

Tusifanye haraka kuwaita watu hao wabaya. Merikebu ile ilitoka Iskanderia, nayo ilikuwa imebeba ngano ya kupeleka Italia, pamoja na watu 276. Mwenye chombo alitaka mzigo ufike. Akida alitaka wafungwa wafike. Nahodha alitaka bandari bora ya kukaa wakati wa baridi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilipojumlishwa zikawa na nguvu kuliko onyo.

Ndivyo ilivyokuwa na lori letu. Dereva alijua kwamba breki zake si nzima. Alimwambia tajiri wake. Tajiri akajibu kwamba gari liende safari hii moja tu, likirudi liingie kwa fundi. Mnunuzi wa mbao alikuwa akipiga simu tangu alfajiri. Nyumbani kwa dereva kuna watoto wanne. Mvua ikakatika kidogo, kama ule upepo wa kusini, naye akawasha gari.

Na hapa hatuna budi kusema lililo letu. Juu ya mbao zile palikuwa na magunia mawili ya maharage ya nyumba yetu, tuliyomwomba atushushie Himo. Asubuhi ile tulimpigia simu mara mbili kumwuliza mbona hajaondoka. Hatukuuliza gari li hali gani. Tuliuliza tu mbona halijaondoka. Tumelikumbuka jambo hilo mara nyingi usiku.

Shauri la ajali ile lilifika mahakamani na kumalizika kwa njia ya sheria, nasi hatutalirudia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuendeshwa barabarani, na dereva aliyejua hawezi kusema hakujua. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Tangu siku ya kwanza alipoweza kusema alisema, "Nilijua." Ila tunataka mtaa wetu uelewe kwamba neno hilo, "nilijua", si lake peke yake. Tajiri alijua kwa kuambiwa. Na sisi wenye mizigo tulichagua kutoulizia.

2. Moto na nyoka

Chombo kilipovunjika, watu wote walifika pwani ya Melita, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya vipande vya merikebu. Wenyeji wakawatendea fadhili isiyo ya kawaida. Kulikuwa na mvua na baridi, wakawakokea moto. Hawakuuliza kwanza nani mfungwa na nani askari.

Wakati wa ajali yetu watu waliokoka moto wa namna hiyo walikuwapo. Wakulima wa kando ya barabara, tusiowajua hata leo, walishuka korongoni kwa kamba katika mvua na kumpandisha dereva juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwa mmoja wao. Hospitali ya KCMC iliyompokea, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa na shirika la Kikristo lililochukua jina la Msamaria Mwema. Wakristo waliolichagua jina hilo walijua wanachokifanya. Mtu yule wa Luka sura ya 10 aliangukia njiani, kwenye mteremko wa kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, na huduma yake ilianzia njiani palepale.

Lakini kwenye moto uleule wa Melita akatoka nyoka, akamshika Paulo mkononi. Wenyeji walewale wenye fadhili wakaambiana kwamba bila shaka mtu huyu ni mwuaji. Ameokoka baharini, ila haki haikumwacha aishi. Tazameni jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja kwa watu walewale. Mkono ulioleta kuni na ulimi uliohukumu vilikuwa vya mtu mmoja.

Nasi tulikuwa watu wa Melita. Tulimpelekea mgonjwa ndizi, maziwa na uji. Tukiwa njiani kurudi, ndani ya gari la abiria, tulisema kwamba labda kuna jambo alilolifanya. Mmoja alitaja mbege aliyokunywa harusini wiki mbili kabla. Mwingine alitaja ugomvi wa shamba wa baba yake. Mmoja wetu aliyasema maneno kama hayo mbele ya kitanda, kwamba Mungu alikuwa akimfundisha. Mgonjwa aligeuza uso ukutani, na mguu wake ukiwa umefungwa kamba yenye uzito hakuweza kugeuka zaidi ya hapo.

Bwana wetu alikwisha kulijibu jambo hili. Walipomletea habari za watu waliouawa, aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, na mwenyewe akajibu kwamba sivyo (Luka 13:4-5). Breki iliyokwisha haisimamishi gari. Hiyo ndiyo sababu ya ajali, nayo yatosha. Atafutaye sababu nyingine katika ukoo wa mtu anatafuta nyoka.

Tena angalieni. Paulo asipokufa, watu wale wakageuka wakasema ni mungu. Hilo nalo lilikuwa kosa. Dereva wetu alipoanza kutembea na magongo, walikuwapo waliosema kwamba ameponywa kwa sababu Mungu ana kazi kubwa naye. Yeye aliwauliza neno moja, "Na utingo wangu, Mungu hakuwa na kazi naye?" Hakuna aliyemjibu, na tunaona ilikuwa vizuri kwamba hakuna aliyejaribu.

Maana hapa somo letu na ajali yetu vinaachana, na haifai tuyafiche. Katika merikebu ya Paulo hakupotea mtu hata mmoja. Katika lori letu alipotea kijana. Hatuwezi kumwambia mama yake kwamba mambo yamekwisha vizuri kama kule Melita. Twaweza tu kumwambia kwamba Mwana wa Mungu naye alikuwa na mama aliyesimama akitazama.

3. Miezi mitatu

Luka anasema walikaa kisiwani miezi mitatu. Hawakukaa kwa uvivu wala kwa woga. Bahari ilikuwa imefungwa na baridi, na hata merikebu ile nyingine iliyokuja kuwachukua ilikuwa imengoja hapohapo kisiwani. Kungoja kulikuwa sehemu ya safari.

Miezi mitatu ya dereva wetu ilikuwa miezi kumi na saba. Mfupa uliunga, lakini mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Mguu wa kushoto ndio ukanyagao klachi. Alitengenezewa kiatu chenye soli nene, akafundishwa kutembea upya kama mtoto. Hayo yalionekana kwa macho.

Yasiyoonekana yalikuwa mazito zaidi. Mkewe alitueleza kwamba usiku alikuwa akikanyaga ukingo wa kitanda kwa mguu wa kulia, akikanyaga na kukanyaga, hata akaamka amelowa jasho. Alikuwa akitafuta breki. Akisikia lori likipunguza gia barabarani alinyamaza katikati ya maneno. Alipopewa nafasi ya kiti cha mbele katika gari la abiria, aliomba akae nyuma. Wanaume wenzake walimwambia ajikaze. Sisi nasi, kwa desturi ya ualimu, tulimwambia ajikaze.

Ndugu wapenzi, hilo si jambo la kujikaza. Waganga wanalijua vizuri. Ni mfadhaiko unaobaki ndani ya mtu baada ya tukio la kutisha, nao hutibika kwa mazungumzo na mtu aliyejifunza kazi hiyo, na pengine kwa dawa. Padre wetu ndiye aliyempeleka. Akirudi kutoka huko alikuwa amechoka kuliko siku alizotoka kwa mtaalamu wa mguu. Lakini taratibu usingizi ulirudi. Twaomba kila nyumba yenye dereva, mwendesha bodaboda au askari ikumbuke jambo hili. Eliya alipochoka na kuomba afe chini ya mretemu, malaika hakumwambia ajikaze. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19:4-8).

Katika miezi hiyo nyumba yake ililishwa na nani? Kwa sehemu na kikapu cha Umoja wa Akina Mama, kwa sehemu na shemeji zake, na kwa sehemu haikulishwa vya kutosha. Hakuwa na mkataba wa kuandikwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015 kwa ajili ya watu walioumia kazini, lakini mtu aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo hupata taabu kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Wenye magari mnaosali pamoja nasi, waandikieni watu wenu mikataba. Na ninyi madereva na matingo, iulizeni kabla ya kupanda, si baada ya kuanguka.

4. Merikebu ya namna ileile

Sasa tumefika kwenye neno lililotufanya tuchague somo hili. Baada ya miezi mitatu walipanda merikebu nyingine, na Luka anataja kwamba hiyo nayo ilikuwa ya Iskanderia. Ilitoka mji uleule, ikaenda njia ileile, juu ya bahari ileile. Hawakupewa njia ya nchi kavu.

Tena, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, 11:25, Paulo anasema amevunjikiwa merikebu mara tatu na kukaa kilindini usiku na mchana. Wataalamu wa Maandiko wanaona kwamba waraka huo uliandikwa miaka kadhaa kabla ya safari ya Rumi. Basi Melita ilikuwa mara yake ya nne. Mtu wa namna hiyo akipanda chombo tena hapandi kwa kutojua bahari. Anapanda kwa kuwa upande wa pili kuna kazi aliyopewa.

Dereva wetu alijaribu kazi nyingine. Alipanda viazi, akafungua kibanda cha kuuza vocha. Mwisho alitujia akasema, "Mwalimu, kazi niliyojifunza ni moja. Naiogopa, lakini ndiyo yangu." Tukamwuliza kama anataka tumwombee aache kuogopa. Akafikiri, akasema, "Hapana. Niombeeni niogope vizuri."

Akaanza kidogo kidogo. Wiki ya kwanza alipanda kwenye kabini ya lori lililozimwa, akakaa tu, akashuka. Kisha aliwasha. Kisha alikwenda Mkuu gari likiwa tupu, dereva mzee akiwa kando yake. Alipimwa macho na mguu na waganga. Alipata tajiri mwingine, naye kabla ya kukubali mshahara alikubaliana naye jambo moja mbele ya mashahidi: gari bovu haliondoki, hata mwenye mzigo alie. Paulo naye alipanda merikebu nyingine. Hakurudi kuunganisha mbao za ile ya kwanza.

Je, kurudi ni ahadi kwamba hakuna litakalotupata tena? Hapana. Sisi Waanglikana wa mlima huu tunaye mfano wetu. James Hannington alikuja Afrika Mashariki mwaka 1882, akaugua sana njiani, akarudishwa Uingereza mwaka 1883. Wengi wangebaki nyumbani. Yeye alipopona aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1884, akarudi, na mapema mwaka 1885 alifika hapa Uchaggani, kwa Mangi wa Moshi. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Paulo mwenyewe alifika Rumi salama, na mapokeo ya Kanisa yanasema aliuawa Rumi. Hatumrudishi ndugu yetu barabarani kwa kumdanganya. Baraka ya gari si hirizi. Gari lililobarikiwa lenye breki mbovu ni gari bovu.

5. Waliotoka kwenda kumlaki

Tuseme sasa habari za yule mama.

Ni mjane, na utingo alikuwa mwanawe wa mwisho. Baada ya mazishi aliendelea kuja kanisani, akakaa benchi lake lilelile. Dereva naye alipoweza kutembea alikuja, akakaa nyuma. Wakati wa kupeana amani, mama yule alikaa chini, akaikunja mikono mapajani mwake. Alifanya hivyo Jumapili nyingi. Sisi wazee wa kanisa tulimwendea nyumbani kumkumbusha Sala ya Bwana na msamaha. Akatusikiliza hadi mwisho, akatupa chai, akasema, "Mwalimu, msinisukume. Aliyezika ni mimi." Tukanywa chai, tukaondoka. Tangu siku hiyo tuliacha kumsukuma, na tunadhani ni jambo moja tulilolifanya sawasawa.

Mwezi wa kumi na tano dereva alikwenda kwake na wazee wa pande zote mbili, amechukua jani la isale mkononi kama ilivyo desturi yetu mtu akiomba msamaha. Mnajua kwamba kwetu jani hilo halikataliwi. Mama alilipokea, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akasema, "Jani nimelipokea. Moyo unakuja nyuma, unatembea polepole." Dereva akajibu, "Mama, nitangoja." Hawakusema zaidi. Jumapili iliyofuata, wakati wa amani, mama hakuinuka. Ila alimtazama, na hilo halikuwa limetokea.

Miezi miwili baadaye ikawa asubuhi ile nje ya kanisa. Padre alisoma Zaburi ya 121, tukaomba. Hatukumwalika mama, wala hatukudhani atakuja. Lakini tulipofumbua macho alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele, amejifunga kanga kwa baridi. Hakumsalimu mtu. Alimwuliza dereva neno moja tu, "Breki?"

Dereva akasema, "Nimezifungua zote, Mama. Fundi ameziona, nami nimeziona."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akalizunguka lori lote, taratibu, hadi akarudi pale alipoanzia. Kisha akasema, "Haya. Nenda, baba."

Ninyi mlio wazazi mnajua ni nani tunayemwita baba namna hiyo. Dereva alipanda kabini, akakaa muda kabla hajawasha, nasi hatukumharakisha. Jioni alipiga simu kutoka Moshi kwamba amefika.

Luka anasema kwamba ndugu wa Rumi waliposikia habari za Paulo walitoka mjini, wengine wakaja hadi Soko la Apio na wengine hadi Mikahawa Mitatu. Walikwenda mwendo mrefu kumlaki mfungwa. Naye Paulo, aliyeikabili dhoruba na nyoka, alipowaona alimshukuru Mungu akapata moyo. Kumbe hata Paulo alihitaji kuona nyuso za watu waliotoka kumpokea. Imani yake haikuwa ndogo. Ndivyo Mungu alivyopenda kumtia nguvu.

Basi tumejibu swali lenu. Hatukumfanyia dereva yule ibada kwa kuwa ni mtakatifu kuliko wengine, wala kwa kumwondolea hatia ambayo ni Mungu awezaye kuiondoa. Tulitoka kumlaki. Na tuliwiwa naye, sisi wa magunia mawili ya maharage kuliko wote.

Desemba inakuja, na wana wetu watarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Barabara ya Himo itajaa. Twawasihi mambo matatu. Usimpigie simu dereva kumwuliza mbona anachelewa; muulize kama gari ni zima, na akisema si zima, shusha mzigo wako. Usimkaribishe mbege mtu mwenye funguo za gari mfukoni. Na mtu aliyeanguka akirudi, awe dereva, mlevi aliyeacha pombe, binti aliyetoroka au kijana aliyetoka kifungoni, usimngojee akufikie benchini kwako. Toka, uende hadi Mikahawa Mitatu.

Tuombe:

Ee Mungu Mwenyezi, uliyemvusha mtumishi wako Paulo katika maji mengi, waangalie wote wasafirio juu ya mlima huu mchana na usiku. Wape madereva macho yaonayo na moyo wa kukataa wanapopaswa kukataa. Utusamehe sisi tuliowaharakisha. Wafariji waliozika watoto wao barabarani, wala usituache tuwasukume. Mpumzishe kijana wetu katika nuru yako. Na wote waliovunjikiwa na chombo, uwape kwa wakati wako merikebu nyingine, na watu pwani wa kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.